Kakao: Utajiri wa Lishe Ndani ya Mbegu na Tahadhari ya Metali Nzito

Kwa miaka mingi ubora wa kakao umepimwa kwa macho, pua na kisu. Katika maghala ya Kyela mkoani Mbeya, kama ilivyo katika nchi nyingine zinazolima zao hilo, mpokeaji huchota mbegu kutoka kwenye gunia, huzikata katikati, huangalia rangi ya kiini na kunusa iwapo kuna harufu ya moshi au ya ukungu. Mbegu iliyovundikwa vyema huwa na kiini cha rangi ya kahawia chenye mipasuko, na ile isiyovundikwa hubaki ngumu na yenye rangi ya kijivu.

Hata hivyo, zipo sifa ambazo kisu hakiwezi kuzifichua. Miongoni mwa hizo ni kiasi cha kadimiamu na risasi, metali nzito mbili ambazo hazina rangi, harufu wala ladha inayoweza kutambulika ndani ya mbegu. Hupimwa maabara pekee, na matokeo ya kipimo hicho yanaweza kuamua iwapo shehena itapokelewa au itakataliwa katika soko la nje. Aidha, ni metali ambazo zikiingia mwilini mara kwa mara kwa kiasi kikubwa hudhuru figo, mifupa na ubongo wa mtoto.

Makala haya yanaeleza kilichomo ndani ya mbegu ya kakao, kuanzia virutubisho na madini yenye manufaa hadi metali zinazohitaji tahadhari. Yanaeleza pia jambo ambalo mkulima na mlaji wanapaswa kulifahamu kwanza: kadimiamu na risasi huingia katika kakao kwa njia mbili tofauti, na kwa sababu hiyo dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Zao na asili yake

Kakao, ambayo wakulima wengi nchini huiita kokoa, ni mti wenye asili ya misitu ya bonde la Mto Amazon katika Amerika Kusini. Jina lake la kisayansi, Theobroma cacao, lilitolewa na mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, mwaka 1753, na sehemu ya kwanza ya jina hilo ina maana ya chakula cha miungu. Leo zaidi ya nusu ya kakao yote duniani hutoka Afrika Magharibi, hususan Côte d'Ivoire na Ghana.

Nchini Tanzania, zao hili hulimwa kwa wingi zaidi katika Wilaya ya Kyela na maeneo jirani ya Rungwe na Busokelo mkoani Mbeya, ambako mvua nyingi na joto la ukanda wa Ziwa Nyasa vinaustawisha mti huo chini ya vivuli vya migomba na miti mingine. Hulimwa pia katika Bonde la Kilombero na Mvomero mkoani Morogoro, pamoja na Muheza mkoani Tanga. Mkoani Mbeya mauzo hufanyika kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mbegu za wakulima wengi hukusanywa pamoja kupitia vyama vya msingi vya ushirika kabla ya kunadiwa.

Mfumo huo wa kukusanya una maana kubwa katika suala la usalama wa chakula. Mbegu za mkulima mmoja huchanganyika na za wenzake katika mzigo mmoja, hivyo uangalifu wa mmoja huwanufaisha wote na uzembe wa wachache hupunguza thamani ya jasho la wengi.

Kilichomo ndani ya mbegu

Mbegu ya kakao iliyokauka ina sehemu kuu mbili, yaani ganda jembamba la nje na kiini. Kiini ndicho hukaangwa, husagwa na kugeuzwa kuwa chokoleti au unga wa kakao. Takribani nusu ya uzito wa kiini ni mafuta yanayoitwa siagi ya kakao, na nusu inayosalia ni protini, wanga, nyuzinyuzi, madini na viambata vyenye uchungu vinavyoipa kakao ladha yake.

Siagi ya kakao ina aina tatu kuu za asidi za mafuta, ambazo ni asidi ya steariki, asidi ya oleiki na asidi ya palmitiki. Asidi ya oleiki ndiyo ile inayopatikana kwa wingi katika mafuta ya zeituni. Mpangilio wa mafuta hayo huifanya siagi ya kakao ibaki ngumu katika joto la kawaida la chumba na kuyeyuka inapokaribia joto la mwili wa binadamu, na ndiyo sababu chokoleti huyeyuka mdomoni.

Kiini kilichosagwa kinapokamuliwa, sehemu kubwa ya siagi huondoka na kubaki makapi makavu yanayosagwa tena kuwa unga wa kakao. Ufundi wa kukamua siagi kwa mashine uliandikishwa nchini Uholanzi mwaka 1828 na familia ya Van Houten. Kwa kuwa mafuta yamepungua, kila kitu kilichobaki huwa kimekolezwa. Katika gramu 100 za unga wa kakao usio na sukari kuna takribani gramu 20 za protini, gramu 14 za mafuta na zaidi ya gramu 30 za nyuzinyuzi.

Ni muhimu kutofautisha unga huo halisi na vinywaji vya chokoleti vya unga vinavyouzwa madukani. Vingi kati ya hivyo vina sukari kuliko kakao, na sifa za lishe zinazoelezwa hapa haziwezi kuhamishiwa huko moja kwa moja. Mnunuzi anashauriwa kusoma maandishi ya kifungashio: kiambata kinachotajwa kwanza ndicho chenye uzito mkubwa zaidi.

Madini yenye manufaa

Kakao ni miongoni mwa vyakula vyenye madini mengi kwa uzito wake. Takwimu za lishe za Wizara ya Kilimo ya Marekani, zinazotumiwa na wataalamu wengi duniani, zinaonesha kuwa gramu 100 za unga wa kakao usio na sukari zina takribani miligramu 1,520 za potasiamu, miligramu 730 za fosforasi, miligramu 500 za magnesiamu, miligramu 130 za kalsiamu, miligramu 14 za chuma, miligramu 7 za zinki, na karibu miligramu 4 za shaba na kiasi kama hicho cha manganizi. Sodiamu ni kidogo sana, takribani miligramu 20.

Kwa kuwa hakuna anayekula gramu 100 za unga huo kwa siku, ni vyema kuzitazama takwimu hizo kwa kipimo cha kijiko. Gramu 10 za unga wa kakao, sawa na vijiko viwili vya chakula visivyojaa sana, hutoa takribani miligramu 50 za magnesiamu. Mtu mzima huhitaji kati ya miligramu 310 na 420 kwa siku kutegemea jinsia na umri. Gramu hizo 10 hutoa pia karibu miligramu 0.4 za shaba, kiasi kinachokaribia nusu ya mahitaji ya siku ya mtu mzima ambayo ni miligramu 0.9.

Magnesiamu husaidia misuli na mishipa ya fahamu kufanya kazi yake, potasiamu husaidia kudhibiti shinikizo la damu, na shaba huhitajika mwilini katika matumizi ya chuma na utengenezaji wa damu. Kuhusu chuma kilichomo katika kakao, tahadhari inahitajika. Kiwango chake ni kikubwa kinapopimwa maabara, lakini viambata vya kakao yenyewe huzuia sehemu kubwa ya chuma hicho kufyonzwa na utumbo. Hivyo, kakao haiwezi kuchukua nafasi ya nyama, dagaa, maharage na mboga za majani katika kukabiliana na upungufu wa damu, wala haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge vya madini ya chuma ambavyo mjamzito hupewa kliniki.

Theobromini, kafeini na flavanoli

Uchungu wa kakao hutokana kwa sehemu na theobromini, kiambata kilicho ndugu wa kafeini lakini chenye kuchangamsha kwa upole zaidi. Gramu 100 za unga wa kakao zina takribani gramu 2 za theobromini na miligramu 230 za kafeini. Kiasi hicho si tatizo kwa binadamu anayetumia kijiko kimoja au viwili. Hata hivyo, mbwa huichakata theobromini polepole mno, na chokoleti nyeusi inaweza kumuua. Wenye mbwa nyumbani wanapaswa kulizingatia hilo.

Kundi jingine ni la flavanoli, ambazo husaidia mishipa ya damu kutanuka vyema. Mwaka 2012 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikubali kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku huchangia hali hiyo. Utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kama COSMOS, uliohusisha watu 21,442 na kutangazwa mwaka 2022, uliwapa baadhi ya washiriki miligramu 500 za flavanoli za kakao kila siku. Matokeo hayakuonesha upungufu wa uhakika wa jumla ya matukio ya maradhi ya moyo na mishipa, ingawa vifo vilivyotokana na maradhi hayo vilikuwa vichache zaidi katika kundi lililopewa flavanoli.

Washiriki wa utafiti huo walipewa vidonge vya dondoo la kakao, si chokoleti. Uvundikaji, ukaangaji na hasa usindikaji kwa kutumia alkali hupunguza flavanoli kwa kiasi kikubwa. Kwa sababu hiyo, chokoleti haipaswi kuuzwa wala kununuliwa kama dawa ya moyo.

Kadimiamu: njia ya mizizi

Mti unaofyonza magnesiamu, zinki na shaba kutoka ardhini hauna uwezo kamili wa kuchagua. Kadimiamu ina tabia za kikemia zinazofanana na za zinki, hivyo hupita katika njia zilezile za mizizi, hupanda hadi kwenye majani na matunda na hatimaye hukaa ndani ya kiini cha mbegu. Mbegu hiyo haiwezi kusafishwa kwa maji wala kwa kupepetwa, kwa kuwa metali imo ndani yake.

Chanzo cha kwanza cha kadimiamu ni miamba ambayo udongo umetokana nayo. Chanzo cha pili ni shughuli za binadamu, zikiwemo uchimbaji wa madini, taka za viwandani, maji machafu ya umwagiliaji na baadhi ya mbolea za fosfeti, kwa kuwa mwamba wa fosfeti wenyewe unaweza kubeba kadimiamu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 60 za kadimiamu kwa kila kilo ya fosfeti katika mbolea za aina hiyo zenye alama yake ya ubora, kikomo kilichoanza kutumika Julai 2022.

Hata hivyo, wingi wa kadimiamu ardhini peke yake hautoshi kueleza kinachokutwa ndani ya mbegu. Tindikali ya udongo nayo ina nguvu kubwa. Udongo wenye tindikali nyingi huiachia kadimiamu ikayeyuka katika maji na kufyonzwa kwa urahisi, ilhali udongo wenye tindikali kidogo na mboji nyingi huishikilia. Upungufu wa zinki nao huweza kuufanya mti ufyonze kadimiamu zaidi. Kwa hiyo mashamba mawili yaliyopakana yanaweza kutoa mbegu zenye viwango tofauti.

Tofauti hizo huonekana pia kati ya mabara. Mbegu za baadhi ya maeneo ya Peru, Ecuador na Colombia zimekutwa na kadimiamu nyingi kuliko za Afrika Magharibi, ambazo kwa kawaida huwa na kiwango cha chini. Katika ulinganisho wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016, sampuli za Afrika Mashariki ziliangukia katikati ya makundi hayo mawili. Nafasi hiyo ya katikati haiwatii hatiani wakulima wa ukanda huu, lakini haiwaruhusu kubweteka. Inadai kila eneo la uzalishaji lijue hali ya udongo wake.

Risasi: njia ya vumbi

Kwa upande wa risasi, hali ni tofauti kabisa. Mti wa kakao hufyonza risasi kidogo sana kutoka ardhini. Watafiti waliopima mbegu za kakao kutoka Nigeria, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2005, walikuta wastani usiozidi mikrogramu 0.5 za risasi kwa kilo, kiwango ambacho ni miongoni mwa vya chini zaidi kuwahi kuripotiwa katika chakula cha asili. Lakini walipopima bidhaa zilizokwisha kusindikwa, walikuta hadi mikrogramu 230 kwa kilo ya unga wa kakao na 70 kwa kilo ya chokoleti. Risasi hiyo ilikuwa imeingia baada ya mbegu kutoka ndani ya tunda.

Ripoti ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2022, kufuatia makubaliano ya kisheria kati ya shirika moja la utetezi na watengenezaji wa chokoleti katika jimbo la California nchini Marekani, ilifikia hitimisho linalolingana na hilo. Kadimiamu hutoka ardhini kupitia mizizi, na risasi kwa sehemu kubwa hutokana na vumbi na udongo vinavyogusa mbegu zikiwa mbichi wakati wa uvundikaji na uanikaji.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kushika kakao mbichi. Mbegu hutoka ndani ya tunda zikiwa zimefunikwa na utando mweupe, mtamu na wenye kunata. Huvundikwa kwa siku tano hadi saba, kisha huanikwa hadi unyevu ubaki takribani asilimia 7. Katika siku hizo zote mbegu hunasa chochote kinachozigusa. Zikianikwa kando ya barabara, vumbi la barabarani huzifuata. Zikianikwa juu ya ardhi tupu, udongo hunatia kwenye ganda. Zikianikwa juu ya mabati au mbao zilizopakwa rangi ya zamani yenye risasi, chembe za rangi hiyo huhamia kwenye mbegu.

Risasi iliyo katika vumbi la barabara ina historia ndefu. Kwa miongo mingi petroli duniani ilichanganywa na risasi, na moshi wa magari uliimwaga pembezoni mwa njia. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Hata hivyo, risasi haiozi. Iliyotua kwenye udongo miaka 30 iliyopita ingali hapo, na upepo au gurudumu huweza kuirusha upya.

Sehemu kubwa ya risasi hiyo hubaki kwenye ganda la mbegu. Kiwanda kinachotenganisha ganda na kiini kwa uangalifu hupunguza tatizo, lakini ganda likiwa na udongo mwingi, chembe zake huhamia kwenye kiini wakati wa kupasua na kupepeta. Kinga iliyo rahisi na ya bei nafuu kuliko zote iko kwenye uanikaji wa mkulima.

Madhara kwa afya

Kadimiamu hujikusanya hasa katika figo, ambamo hukaa kwa miaka 10 hadi 30 kabla ya nusu yake kuondoka. Ikizidi, hudhoofisha uwezo wa figo kuchuja na huchangia mifupa kuwa dhaifu. Mwaka 2009 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipendekeza kikomo cha mikrogramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki, kutoka katika vyakula vyote kwa pamoja. Kakao si chanzo pekee wala si kikuu kwa watu wengi. Nafaka, viazi na mboga huchangia zaidi kwa sababu huliwa kila siku, na mvutaji wa sigara hupata kadimiamu nyingine kupitia moshi.

Kuhusu risasi, Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo na mimba changa ndio walio katika hatari kubwa, kwa kuwa risasi huathiri ubongo unaokua. Mwili wenye upungufu wa chuma au kalsiamu hufyonza metali hizi zaidi. Kwa maana hiyo, lishe bora ya mama na mtoto ni sehemu ya kinga dhidi ya metali nzito.

Kakao ina pia nikeli kwa kiasi kinachoonekana, jambo linalopaswa kuzingatiwa na wenye mzio wa metali hiyo.

Viwango vya soko na hesabu yake

Umoja wa Ulaya, ambao ni soko kubwa la kakao duniani, ulianza kutumia vikomo vya kadimiamu katika bidhaa za kakao tarehe 1 Januari 2019. Chokoleti ya maziwa yenye kakao chini ya asilimia 30 haipaswi kuzidi miligramu 0.10 kwa kilo. Chokoleti yenye kakao chini ya asilimia 50, pamoja na ile ya maziwa yenye asilimia 30 au zaidi, ina kikomo cha 0.30. Chokoleti yenye asilimia 50 au zaidi ina kikomo cha 0.80, na unga wa kakao unaouzwa kwa mlaji una kikomo cha 0.60. Tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula kimataifa, nayo imeweka vikomo vyake na mwaka 2022 ilipitisha mwongozo wa kuzuia na kupunguza kadimiamu katika mbegu za kakao.

Vikomo vya Ulaya huhusu bidhaa iliyokamilika, si mbegu ghafi. Lakini mnunuzi hupiga hesabu ya kurudi nyuma. Mbegu zenye miligramu 1 ya kadimiamu kwa kilo zikitumika kutengeneza chokoleti yenye asilimia 70 ya kakao, chokoleti hiyo itakuwa na takribani miligramu 0.7 kwa kilo, na itapita. Mbegu zenye miligramu 1.2 zitaifikisha kwenye 0.84, nayo itakataliwa. Mnunuzi asiyetaka hasara hiyo ama hukataa mzigo, ama hudai bei ya chini ili auchanganye na kakao ya mahali pengine. Kwa hali zote mbili anayeumia ni mkulima.

Hesabu kama hiyo inamhusu mlaji pia. Mtu mzima wa kilo 60 akila gramu 10 za chokoleti nyeusi iliyofikia kikomo cha 0.80 kila siku, atapata mikrogramu 56 za kadimiamu kwa wiki kati ya 150 zinazopendekezwa kuwa kikomo kwa uzito wake. Mtoto wa kilo 20 akila kiasi hichohicho, atakuwa amevuka kikomo chake cha mikrogramu 50 kwa chokoleti peke yake, kabla ya kuhesabu ugali, viazi na mboga.

Wajibu wa mkulima na vyama vya ushirika

Dhidi ya risasi, hatua zifuatazo hazihitaji mtaji mkubwa:

- Kuanika mbegu juu ya vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini, vyenye mkeka au wavu safi, mbali na barabara, gereji na mashine zinazotoa moshi.
- Kutovundika wala kuanika mbegu juu ya ardhi tupu, lami, au mabati na mbao zilizopakwa rangi.
- Kufunika mbegu nyakati za upepo wenye vumbi, na kuosha vichanja, turubai na masanduku ya kuvundikia kabla ya msimu.
- Kutorudisha ndani ya mzigo mbegu zilizomwagika na kuchanganyika na udongo.
- Kuhifadhi mbegu kavu katika magunia safi ambayo hayajawahi kubeba viuatilifu, mafuta au chuma chakavu.

Dhidi ya kadimiamu, kazi huanzia ardhini na huchukua muda mrefu zaidi. Hatua ya kwanza ni kupima udongo. Wizara ya Kilimo imesambaza vifaa vya kupima afya ya udongo katika halmashauri, na vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kikiwemo cha Uyole mkoani Mbeya, vinatoa ushauri wa kitaalamu. Kifaa cha shambani huonesha tindikali na rutuba. Kadimiamu yenyewe huhitaji maabara.

Udongo ukionekana kuwa na tindikali nyingi, chokaa ya kilimo huipunguza, lakini kipimo chake kinapaswa kutolewa na afisa ugani, kwa kuwa chokaa ikizidi huuzuia mti kupata virutubisho vingine. Mboji na samadi iliyooza vizuri husaidia kuishika kadimiamu isifyonzwe. Mbolea zinunuliwe kwa wauzaji waliosajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania. Kabla ya kupanda shamba jipya, ni busara kupima udongo kwanza, hasa katika maeneo yaliyo karibu na migodi au yanayofurika maji ya mito inayopita katika maeneo hayo, kwa sababu mti wa kakao hukaa shambani kwa miongo kadhaa.

Vyama vya ushirika vina nafasi ya pekee. Chama kinachotunza kumbukumbu za kijiji ambacho kila mzigo umetoka, na kupeleka sampuli chache maabara kila msimu, kinaweza kubaini eneo lenye tatizo kabla mnunuzi hajalibaini. Kumbukumbu hizo pia ni silaha ya wakulima mezani: mwenye cheti cha vipimo hujadili bei akiwa na ushahidi mkononi.

Wajibu wa mlaji

Kwa mlaji, hakuna sababu ya kuiogopa kakao. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima aina 28 za chokoleti nyeusi mwaka 2022 na kukuta kadimiamu na risasi katika zote, lakini viwango vilitofautiana sana, na baadhi zilikuwa na kiasi kidogo cha metali zote mbili. Kadiri asilimia ya kakao inavyopanda, ndivyo madini yenye manufaa na kadimiamu vinavyopanda kwa pamoja, kwa kuwa vyote hukaa katika sehemu kavu ya kiini. Siagi ya kakao haibebi karibu chochote kati ya hivyo.

Mtu mzima anayetumia kijiko cha unga wa kakao au kipande kidogo cha chokoleti hana sababu ya kubadili desturi yake. Wajawazito na watoto wadogo wanashauriwa kutofanya chokoleti nyeusi kuwa chakula cha kila siku. Ni vyema pia kubadilisha aina zinazonunuliwa badala ya kushikilia moja, na kununua bidhaa zenye anwani ya mtengenezaji na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la kusimamia usalama wa chakula Tanzania Bara. Anayeitilia shaka bidhaa yoyote anapaswa kutoa taarifa katika ofisi za shirika hilo au kwa afisa afya wa halmashauri yake.

Mbegu ya kakao ina magnesiamu, shaba, potasiamu na nyuzinyuzi kwa kiwango ambacho vyakula vichache vinaweza kukifikia. Kadimiamu iliyomo ndani yake hupunguzwa kwa kuutunza udongo, kazi ya miaka ambayo mkulima huifanya pamoja na mtaalamu wake. Risasi inayoishika baada ya mavuno hupunguzwa kwa kichanja safi kilicho mbali na barabara, kazi ambayo mkulima anaweza kuianza msimu huu.